Jasho la Oveni: Maji Yanatoka Wapi, na Yatokee Wapi

Mpishi wa pwani akiona maji ya wali yanakaribia kukauka, hupunguza moto wa chini, hufunika sufuria, kisha huchota makaa na kuyatandaza juu ya mfuniko. Anapalia. Ukimuuliza sababu, atakwambia anataka wali uive juu na chini, ukauke, uchambuke. Ni kweli, lakini ndani ya jibu hilo mna jambo jingine. Mfuniko usiopaliwa huwa baridi kuliko mvuke ulio chini yake. Mvuke ukiugusa hugeuka matone, matone hudondoka, na wali huwa bokoboko. Mfuniko uliopaliwa hupanda joto kupita nyuzi 100, na juu ya kitu chenye joto hilo tone haliwezi kutua. Mvuke hubaki kuwa mvuke, hutafuta upenyo ukingoni mwa sufuria na kwenda zake. Mkate wa kumimina huokwa kwa hekima hiyohiyo, na ndiyo maana uso wake hutoka mkavu wenye rangi ya kahawia ingawa umepikwa ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Siku hizi wengi wetu tumehamia kwenye oveni, ya gesi au ya umeme, na hekima hiyo tumeiacha kwenye jiko la mkaa. Kioo cha mlango kinatoka jasho. Maji yanachuruzika hadi sakafuni. Biskuti zinalegea siku hiyohiyo, keki inalowa kitako, na kuku aliyetakiwa kukauka ngozi anatoka kama aliyechemshwa. Malalamiko yote haya humfikia fundi kwa sentensi moja: "Oveni yangu inavuja maji."

Oveni ya kawaida haina tangi wala bomba la maji, hivyo haina maji ya kuvuja. Inachofanya ni kupokea mvuke na kuutoa, na ugonjwa wake, kama upo, umo katika mapokezi hayo au katika utoaji huo. Nina neno moja la msingi hapa, na mengine yote yanatokana nalo: matone hayakuonyeshi maji yalikotoka, hukuonyesha mahali palipo baridi. Anayekimbilia kutengeneza palipolowa, bila kuuliza mvuke umetoka wapi na ulitakiwa kupita wapi, hulipa fedha kutengeneza pasipoharibika.

Vyanzo vitatu, na uzito wake

Maji huingia ndani ya oveni kwa njia tatu: hewa ya jikoni, chakula, na moto wenyewe. Wengi huanza kwa kulaumu hewa, hasa sisi wa pwani, tuliozoea kuona chumvi ikilowa ndani ya kopo na milango ya mbao ikivimba wakati wa masika. Basi tuanze na hewa, tuipime.

Mchana wa joto wa Januari mjini Dar es Salaam, hewa ya nyuzi 30 hubeba takriban gramu 20 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Oveni ya nyumbani ina nafasi ya lita 60 hivi, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ukipiga hesabu, hewa iliyojaa ndani ya oveni hiyo ina gramu moja ya maji na kidogo juu yake, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Unyevu wa pwani una makosa yake, na nitarudi kuyataja, lakini si huo unaolowesha kioo chako.

Chakula ni habari nyingine. Rojo la keki la gramu 800 likiokwa hupungua takriban kumi kwa mia, yaani gramu 80 za maji huondoka. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza karibu lita 1.7. Kwa hiyo keki hiyo moja, ya kawaida kabisa, hutoa mvuke wa zaidi ya lita 130 ndani ya chombo cha lita 60. Oveni italazimika kujazwa na kumwagwa zaidi ya mara mbili kabla keki haijaiva. Kuku mzima, trei ya viazi, samaki aliyetoka kwenye friza na barafu yake, hao hutoa mvuke mwingi kuliko keki mara kadhaa. Ndiyo sababu hakuna oveni iliyoundwa kuzibwa pande zote. Ingezibwa hivyo, isingeweza kuoka chochote.

Chanzo cha tatu ndicho kisichojulikana na wengi, nacho ni moto wa gesi. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na zote mbili zina haidrojeni nyingi. Haidrojeni ikiungua hukutana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Kilo moja ya gesi hiyo ikiungua vizuri huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa sababu uzito wa oksijeni nao huingia humo. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umekwishamwaga jikoni kwako zaidi ya lita 9 za maji kwa njia ya mvuke. Kichomeo cha oveni chenye nguvu ya kilowati 2, kikiwaka kwa nguvu yote, hutoa karibu glasi moja ya maji kila saa, hata kama ndani ya oveni hamna kitu.

Mkaa hauko hivyo. Karibu wote ni kaboni, na kaboni ikiungua haizai maji. Aliyezoea kuoka kwa mkaa amezoea joto kavu, na akihamia kwenye gesi hukutana na joto lenye unyevu pasipo mtu kumwambia. Jambo hili si dogo kwa nchi yetu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni safari njema, kwa ajili ya misitu na mapafu ya akina mama. Lakini kila atakayeianza kwa mtungi wa gesi atakutana na jasho la kioo, na ni haki yake kujua mapema kwamba hajauziwa kifaa kibovu.

Umeme nao hauongezi maji hata tone. Kutokana na hilo tunapata kanuni ya kwanza ya uchunguzi: oveni ya umeme ina mvuke wa chakula tu, oveni ya gesi ina wa chakula na wa moto.

Umande hushuka palipo baridi

Kila hewa yenye mvuke ina kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo kitu kikiwa chini yake, mvuke hutua juu ya kitu hicho na kuwa matone. Majani ya shambani hulowa alfajiri kwa sababu yamepoa chini ya kiwango hicho. Ndani ya oveni yenye chakula kingi kibichi, mvuke unaweza kufika nusu ya hewa yote iliyomo. Hapo kiwango cha umande hupanda hadi nyuzi 80 na kidogo. Sasa tazama mlango. Ndani mna nyuzi 200, lakini kioo cha nje, kwa usalama wa watoto na wa vidole vyako, kimetengenezwa kisipate moto mkali. Kikiwa na nyuzi 50 au 60, kila mvuke unaokifikia utatua juu yake. Hakuna kilichoharibika. Ni majani ya alfajiri, isipokuwa alfajiri yake ina joto la kuunguza mkono.

Kwa hesabu hiyohiyo, dakika za mwanzo ndizo zenye jasho jingi kuliko zote, kwa kuwa bati na kioo bado ni baridi. Anayeishi Njombe, akiwasha oveni asubuhi ya Julai, ataona maji mengi kuliko mwenzake wa Tanga mwenye oveni ya aina ileile na chakula kilekile. Tofauti yao ni bati lililolala kwenye baridi.

Kanuni ya pili, basi: tone likionekana, uliza kwanza kwa nini hapo ni baridi, ndipo uulize kama mvuke ulipaswa kufika hapo.

Soma wakati wa jasho

Fundi mzuri huuliza "tangu lini?" kabla ya kufungua skrubu. Katika oveni, jasho huwa na nyakati zake, na kila wakati una maana yake.

Jasho la dakika kumi za mwanzo ni la kawaida. Litakauka lenyewe bati likishapata moto. Katika oveni ya gesi ni la lazima, kwa sababu kichomeo kimeanza kutoa maji kabla kuta hazijapata joto la kuyakataa. Dawa yake ni subira: washa oveni dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingiza chakula. Asiyesubiri huweka keki katikati ya umande.

Jasho lisilokoma, la mwanzo hadi mwisho wa kuoka, ndilo la kuchunguzwa. Hapa lipo jaribio moja lisilogharimu zaidi ya gesi au umeme wa nusu saa. Iwashe oveni tupu, nyuzi 200, kwa dakika 30. Oveni ya umeme ikikauka na kubaki kavu, kifaa ni kizima na maji yote yalikuwa ya chakula. Tatizo limo katika kiasi unachopakia au namna unavyooka. Ikiendelea kutoa jasho ikiwa tupu, kuna maji yaliyofichika: pengine imeoshwa kwa maji mengi, au sufi ya kuhifadhi joto iliyo nyuma ya kuta imelowa kwa sababu paa linavuja. Oveni ya gesi iliyo tupu inapaswa kukauka kioo baada ya dakika za mwanzo. Isipokauka, mvuke wa moto hauna njia ya kutokea.

Jasho la baada ya kuzima lina sababu ya wazi. Oveni inapoa, mvuke uliobaki hauna pa kwenda, hutua. Anayeacha mkate au keki ipoe ndani ya oveni iliyofungwa anaila ikiwa imelowa, na bati lake linaanza kutu kwenye pembe. Fungua mlango kidogo baada ya kuzima, toa chakula, kiweke juu ya wavu wa kupozea ili hewa ipite chini yake. Kitako cha keki kinacholowa mara nyingi hakikulowa wakati wa kuoka. Kimelowa kwa kukaa ndani ya trei ya moto iliyotulizwa juu ya meza.

Jasho linaloonekana kati ya vioo viwili vya mlango huwatisha watu kuliko yote. Wengi hudhani vioo hivyo vimezibwa kabisa, visipitishe hewa. Katika oveni nyingi havikuzibwa. Mlango una matundu chini na juu ili hewa ipite katikati na kupoza kioo cha nje, na palipopita hewa mvuke nao hupita. Jasho hilo likitoweka oveni inapoendelea kuwaka, liache. Likibaki kwa siku kadhaa na kuacha michirizi ya kahawia, huenda skrubu za mlango zimelegea au kuna maji yaliyoingia wakati wa kusafisha, na mlango unahitaji kufunguliwa na anayejua namna ya kuurudisha.

Njia ya kutokea

Nyumbani kwetu tulikuwa na jiko la gesi lenye oveni chini yake. Kwa miaka miwili halikuwa na shida. Kisha kioo kikaanza kutoka jasho tangu mwanzo hadi mwisho, na maji yakawa yanadondoka kwenye kona ya kulia ya mlango. Fundi tuliyemwita alipapasa mpira wa mlango akasema, "Mama, huu umekwisha." Mpira ukabadilishwa. Wiki iliyofuata biskuti zilitoka laini kuliko kabla ya matengenezo. Zamani mvuke ulikuwa unapenya pembeni mwa mlango kwa sababu mpira ulikuwa umechoka. Sasa hata upenyo huo tuliuziba kwa fedha zetu.

Jibu lilikuwa ukutani. Tulipolisogeza jiko tukakuta doa la maji, refu, lenye ukingo wa kahawia, mahali palipoelekeana na tundu la nyuma. Miezi michache kabla yake tulipaka jikoni rangi, na wakati wa kurudisha vyombo tukalisukuma jiko hadi likagusa ukuta. Tundu la kutolea mvuke likawa limebanwa. Tulipoliacha jiko upana wa kiganja kutoka ukutani, jasho lilirudi kuwa la dakika kumi za mwanzo.

Kila oveni ina tundu la namna hiyo. Katika majiko mengi yenye oveni chini, liko nyuma ya sehemu ya juu, karibu na mfuniko wa kioo. Katika oveni za kujengewa kabatini, mara nyingi liko mbele, kati ya mlango na vitufe. Katika oveni ndogo za mezani hewa hutokea nyuma au ubavuni. Ukilijua la kwako, utakuwa umejua nusu ya tiba. Liangalie kama limezibwa na mafuta yaliyoganda, kitambaa kilichoanikwa, sinia lililoegeshwa, au ukuta.

Wako pia wanaolitandika bati la chini kwa foili ili lisichafuke. Katika oveni ya gesi, bati hilo lina matundu ambayo joto na hewa iliyoungua hupitia kupanda juu. Ukiyaziba, unyevu ndio uwe hofu yako ndogo. Moto usiopata hewa ya kutosha huwaka kwa rangi ya njano badala ya bluu, hutoa masizi, na huzaa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Foili itandikwe kwenye trei yako, kamwe si kwenye bati la chini la oveni.

Mpira wa mlango nao una zamu yake. Jaribio lake ni ukanda wa karatasi: ubane kati ya mlango na fremu, kisha uvute taratibu. Ukikaza, hapo mpira unashika. Ukiteleza bila upinzani, hapo pamelegea. Zunguka mlango wote. Ila kabla ya kuhukumu, angalia kama mpira wako umezunguka pande nne au tatu. Oveni nyingi zimetengenezwa bila mpira upande wa chini ili hewa iingie, na karatasi kuteleza hapo si ugonjwa. Kama karatasi inateleza upande mmoja wa juu na mlango unaonekana umeinama, bawaba ndizo za kutazamwa, na mpira mpya hautasaidia kitu.

Kuna oveni zenye feni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza iko ndani, ukutani nyuma, na kazi yake ni kuzungusha joto. Ya pili imefichwa juu, hupoza vitufe na nyaya na kuvuta hewa yenye mvuke kuipeleka nje. Hii ya pili huendelea kuvuma hata baada ya oveni kuzimwa, na hapo wengine hukimbilia kuchomoa waya kwenye soketi. Iache imalize kazi. Ikiwa imenyamaza kabisa siku hizi na kabati la juu limeanza kulowa, umeupata ugonjwa.

Joto pungufu huzaa unyevu

Lipo kosa linalojificha nyuma ya unyevu, nalo ni oveni isiyofikia joto inalotangaza. Kuipandisha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka ni kazi ndogo. Kuigeuza gramu hiyo kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya hilo. Na maadamu uso wa chakula bado una maji, hauwezi kupita nyuzi 100, wakati rangi ya kahawia na ladha ya kuokwa huhitaji joto la juu zaidi. Oveni yenye joto pungufu, au iliyopakiwa trei tatu kwa wakati mmoja, hutumia nguvu zake zote kukausha na haibakiwi na kitu cha kuokea. Mpishi huona chakula kimepauka na kimelowa, akadhani kuna maji mengi, kumbe kuna moto mchache.

Kipimajoto cha oveni kinaondoa shaka. Asiyekuwa nacho atumie sukari nyeupe, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 186. Iweke kijiko kimoja kwenye kipande cha foili juu ya trei, ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 175, kwa dakika 15. Isiyeyuke. Pandisha hadi nyuzi 190, isubirie dakika 15 nyingine. Sasa iyeyuke. Ikiyeyuka mara ya kwanza, oveni inazidisha; isipoyeyuka mara ya pili, inapunguza, na hapo ndipo fundi ana kazi ya kweli.

Unyevu na umeme

Niliahidi kurudi kwenye makosa ya hewa ya pwani. La kwanza ni kutu, kwa kuwa unyevu wetu umechanganyika na chumvi ya bahari. La pili ni hatari zaidi. Ndani ya koili ya oveni ya umeme, kati ya waya unaowaka na bomba la nje, hushindiliwa unga wa magnesiamu oksidi. Unga huo huzuia umeme usifike kwenye bomba huku ukipitisha joto. Lakini una tabia ya kunyonya unyevu. Oveni iliyokaa miezi mingi bila kutumika, masika yote ikiwa stoo, inaweza kuwashwa na papo hapo saketi breka ikakata umeme wa nyumba nzima.

Wapo wanaotatua hilo kwa kuiunganisha oveni moja kwa moja ili kuikwepa breka, na wengine hukata waya wa ardhi. Nasema kwa uzito wote: usikubali. Breka imekata kwa sababu umeme umeanza kuvujia kwenye bati unalolishika kwa mkono. Fundi wa umeme ana kipimo cha kuonyesha koili ina uvujaji kiasi gani, na mara nyingi koili iliyonyonya unyevu hukaushwa na kurudi kazini bila kununuliwa nyingine. Kinga yake ni rahisi kuliko tiba: oveni isiyotumika iwashwe hata mara moja kwa wiki chache, na mlango wake uachwe wazi kidogo.

Mvuke unaotakiwa

Itakuwa dhuluma kumaliza bila kuutetea mvuke. Mkate wa boflo unapoingia kwenye moto, unyevu wa dakika kumi za mwanzo huuacha uso wake ukiwa laini, nao hupata nafasi ya kufumuka kabla ganda halijakauka. Waokaji wenye oveni za biashara hupuliza mvuke makusudi. Nyumbani unaweza kuweka trei ya bati chini, ikapata moto, kisha ukamwagia nusu kikombe cha maji ya moto mara tu unapoingiza mkate, huku umesimama pembeni na mkono umeufunika kwa kitambaa kikavu. Chunga maji yasiguse kioo cha moto, kinaweza kupasuka. Dakika kumi zikipita, toa trei hiyo, na karibu na mwisho fungua mlango kwa nukta chache ili mvuke uliobaki utoke na ganda likauke.

Hekima ni kujua mvuke unatakiwa wakati gani na lini umekwisha kazi. Kuku na viazi vifutwe maji kwa kitambaa kabla ya kuingia, vipangwe kwa nafasi, na mlango ufunguliwe mara moja au mbili kuutoa mvuke. Keki isifunguliwe kabla ya theluthi mbili za muda wake, maana bado haijashika na itaanguka. Samaki wa friza ayeyuke kwanza nje na amwagwe maji yake. Haya hayahitaji spea yoyote.

Kabla ya kumwita fundi

Kwa kuwa kila hatua ina gharama yake, zifuate kuanzia isiyo na gharama. Soma wakati wa jasho. Sogeza jiko kutoka ukutani, safisha tundu, ondoa foili ya chini. Iwashe tupu nusu saa. Pitisha karatasi mlangoni. Pima joto kwa sukari. Ukifika hapo na jasho bado halikomi, mwite fundi, na umweleze ulichokiona hatua kwa hatua. Ukinusa gesi, ukiona moto wa njano, au breka ikikata, ruka hatua zote, zima na umwite mara moja.

Mtengenezaji wa oveni na mpishi aliyepalia wali kwa makaa wanafanya kazi moja: kuufanya uso ulio juu ya chakula uwe moto kuliko umande, na kuuachia mvuke upenyo. Oveni inayotoka jasho dakika kumi kisha ikakauka ni nzima. Usiitengeneze. Inayotoka jasho bila kukoma, mara nyingi kabisa, ni oveni iliyozibwa pumzi. Basi leo jioni, kabla hujaiwasha, nenda nyuma ya jiko lako ukatafute lile tundu, uhakikishe li wazi.